Kumpisha Mkwe

Siku Ma Felisia alipotua Guangzhou, mkwe wake Medard alikwenda kumpokea uwanja wa ndege, na alimpokea kwa kujificha nyuma ya nguzo.

Msimcheke. Kwao Kamachumu, upande wa Bukoba, mwanamume hampi mkono mama mkwe wake, hamkazii macho, hali naye meza moja, na wakikutana njiani hugeukia kando, huyu akatazama migomba ya huku na yule akatazama ya kule, mpaka wapishane. Uwanja wa ndege hauna migomba. Medard aliona nguzo, akaishukuru. Akamwachia mkewe, Anastazia, aende na tumbo lake la miezi saba akamkumbatie mama yake, na walipokwisha kulia na kucheka, ndipo shikamoo yake ikasikika kutoka nyuma ya zege.

"Mwambie nimeitika," Ma Felisia alimwambia binti yake, macho yakiwa kwenye toroli la mizigo.

Ndivyo walivyozungumza miaka yote, mama huyu na mkwe wake, kwa kinywa cha Anastazia. Hapakuwa na ugomvi wowote. Ilikuwa heshima, na kila mmoja alijivunia kuishika kumshinda mwenzake. Ndani ya teksi Medard alikaa mbele na dereva, shingo wima, wala hakugeuka nyuma mpaka wakafika mtaani kwao, Xiaobei.

Lakini mama hakuja kutembea tu. Mkobani alikuwa na tiketi mbili za kurudi kabla ya Krismasi, moja yake na moja ya Anastazia. Mumewe, Ta Kasmir, alimwagiza bila kuzunguka: nenda ukaangalie maisha ya huyo kijana. Ukiona ni maisha ya mtu mwenye mke, waache. Ukiona ni ya kubahatisha, rudi na mtoto wetu, azalie nyumbani na akae huko huko. Anastazia alilijua hilo na Medard alilijua. Kwa hiyo kila kitu mle ndani, hata uji wa asubuhi, kilipikwa mbele ya hakimu.

Chumba chao kilikuwa ghorofa ya kumi na nne, kwenye jengo la nyuma ya barabara ya Huanshi Zhonglu. Chumba kimoja, bafu, na kiroshani cha kuanikia nguo. Hebu fikiria mwenyewe, chumba kimoja na mama mkwe ndani. Medard alivuta pazia kutoka ukuta hadi ukuta. Mama na binti wakapata upande wa kitanda, yeye upande wa mlango na godoro la kukunja. Kabla ya kwenda bafuni alikohoa. Mama naye kabla ya kutoka upande wake alikohoa. Wakakoholeana hivyo mpaka jirani yao, mzee mmoja wa Kichina, akagonga mlango na kuwaletea chupa ya dawa ya kifua.

Chakula Medard alikula roshani, amesimama katikati ya suruali zinazokauka. Shida kubwa ikawa lifti. Lifti ni kasanduku, ndani yake mtu utageukia wapi? Basi wakitoka wote, mama na binti walishuka kwa lifti, Medard akashuka ngazi. Wakirudi, wao wakapanda kwa lifti, yeye akapanda ngazi zote hizo na mifuko ya mama mikononi, akafika mlangoni amelowa, akasimama nje kidogo apumue ili asiheme mbele ya mkwe.

Ma Felisia aliyaona yote hayo na moyoni aliyapenda. Alikuwa amekuja na kopo la senene, wale panzi wa kwao, waliokaangwa na mfuko wa kahawa ya kutafuna. Haikuchukua siku nyingi akamwambia Anastazia amtilie mwenzie senene kwenye kisosi ampelekee huko roshani. Anastazia alipeleka huku anatabasamu. Mume na mke wakatazamana, wakaelewana kwamba mambo yanakwenda. Likabaki jambo moja, na mama alilifikia mwenyewe wakati wanakatakata kabichi.

"Hivi kazi yake ni ipi hasa?"

"Yuko kampuni ya filamu, mama. Zile filamu fupi za kwenye simu."

"Anafanya nini humo?"

"Anasaidia," alisema Anastazia, akaikazania kabichi.

Hakudanganya sana. Ila hakusema yote, na yote yalikuwa hivi.

Medard alikuja Guangzhou kufunga mizigo. Alifunga vizuri, wafanyabiashara wa Bukoba na Mwanza walimwamini na mabegi yao ya kununua soko la Shiling kama walivyojiamini wenyewe. Ofisi aliyofungia mizigo ikafungwa, wateja wakatawanyika, na kodi ya chumba haikutawanyika. Ndipo Judica, mama mmoja wa Moshi anayenunua nguo soko la Shisanhang na asiyepitwa na habari, akamwambia kuna watu wanatafuta mgeni mrefu wa kuigiza, na kujua Kichina si lazima. Medard alisema yeye si mwigizaji. Judica akamuuliza kama ni mpangaji.

Filamu yenyewe iliitwa Mkwe Mgeni. Haikuwa na neno hata moja. Ilikuwa muziki, ngoma, na nyuso za watu, vipande vya dakika mbili mbili, kwa sababu Bosi Huang, kijana mwenye nywele za rangi ya chai ya maziwa, alikuwa ameshapiga hesabu kwamba kitu kisicho na maneno kinauzika nchi zote. Kisa kilikuwa kile kile kila mara: binti wa Kichina kaolewa na mgeni, mama yake hamtaki, mkwe anajaribu kumfurahisha anaharibu, na mwisho mama mkwe anamzaba kofi.

Siku ya majaribio Medard alisimama mbele ya kamera kama gunia. Walimjaribisha kucheka, akashindwa. Wakamjaribisha kulia, akashindwa zaidi. Bosi Huang alikuwa ameshaanza kuangalia saa mlango ulipofunguliwa akaingia Mama Liang, bibi mmoja mstaafu wa majukwaa ya opera, nywele nyeupe, mgongo umenyooka. Bosi akaiambia simu yake, na simu ikatafsiri kwa sauti ya kike: huyu ndiye mama mkwe wako.

Medard akarudi nyuma hatua mbili. Macho yakashuka, uso ukageukia ukutani, kiganja kikapanda kufunika shavu la upande wa yule bibi, na mwili wote ukajipunguza ili apite. Hakufikiri. Chumba kizima kikaangua kicheko, mshika taa akaiachia taa ikaanguka. Akaajiriwa papo hapo.

Tangu mvua za Mei mpaka Desemba Medard akawa mtu anayejulikana. Watu wasiojua jina lake walijua shavu lake. Kwenye treni za chini ya ardhi vijana walimgusa bega, wakajizaba makofi ya uongo, wakamwomba ageuke vile anavyogeuka. Aligeuka. Kofi lenyewe lilikuwa na utaratibu wake: la uongo lilikuwa ndani ya mshahara, la kweli lilikuwa na nyongeza. Mama Liang hakuyapenda ya kweli. Alimpiga kwa ncha za vidole, kisha wakipumzika akamletea maji ya moto na kupuliza lile shavu kama la mjukuu. Ikabidi Medard mwenyewe, kwa ishara, amwombe apige sawasawa. Alionyesha tumbo kubwa kwa mikono yake miwili, akaonyesha nyumba, akaonyesha shavu. Yule bibi alielewa. Akapiga sawasawa, na akaenda chooni kulia.

Anastazia alijua kila kitu. Kipande cha kwanza alikitazama ameziba mdomo kwa mkono, asijue acheke au afanyeje. Baadaye akaacha kutazama. Mama alipopiga simu kwamba anakuja, walikaa kitandani wakakubaliana kuwa wataliita jambo hilo kusaidia.

Lilifichuka Shisanhang, wala si kwa mtu mbaya.

Ma Felisia alitaka nguo za mtoto. Wakaenda asubuhi, mama na binti mbele, Medard nyuma yao umbali wa maduka matatu na mifuko. Mama alifurahi sana siku hiyo. Alishika vitambaa, akavuta mishono, akabishana bei kwa vidole na wauzaji wakamheshimu. Kwenye kibanda kimoja cha fulana za watoto, mwenye duka, mama wa makamo mwenye miwani, aliangalia nyuma ya Ma Felisia, akamwona Medard, akapiga ukelele wa furaha. Akawaita wenzake wa vibanda vya jirani. Wakaja wanacheka, simu mikononi. Mmoja akajizaba shavuni, paa, akamnyooshea Medard kidole. Mwenye duka akamwendea, akanyanyua mkono kana kwamba anampiga, akangoja ageuke.

Wote wakangoja. Medard alisimama na mifuko yake. Mbele yake, upande wa kulia wa yule mama, alikuwa amesimama mama mkwe wake wa kweli akitazama. Mwili wake ukafanya kile ambacho umekifanya tangu alipomposa Anastazia. Macho chini, uso kando, kiganja shavuni. Njia nzima ikapiga makofi.

Mwenye duka, kwa ukarimu, na akiona huyu mama mgeni hajaelewa, akamwekea simu mbele ya uso. Ma Felisia akatazama kipande kizima. Akatazama na kingine. Alimwona mkwe wake anapiga magoti, anamwaga supu, anageuka, anazabwa. Kilipokwisha cha tatu akamrudishia mwenyewe simu yake kwa mikono miwili, akaomba kiti. Akakaa. Anastazia akamuuliza kama anaumwa.

"Siumwi," alisema. "Lipa hizo fulana twende."

Walirudi nyumbani. Wao kwa lifti, yeye kwa ngazi, na safari hii Medard alipanda polepole kuliko siku zote.

Jioni ile mama alikaa kitandani, upande wake wa pazia, akiwa na punje za kahawa kiganjani asizozitafuna. Anastazia alikaa karibu naye. Upande wa pili Medard alikuwa kwenye godoro, magoti kifuani, anasikia kila kitu, na wote walijua anasikia.

"Kesho nitafunga mizigo," alisema Ma Felisia. "Na wewe funga yako."

"Mama, mimi siendi."

"Utakwenda."

"Siendi, mama. Hayo makofi uliyoyaona ndiyo yaliyolipa hiki chumba ulichokalia. Ndiyo yatakayolipa hospitali. Wewe umeona anapigwa. Mimi nimeona anavyorudi hapa anauliza nimekula nini."

Anastazia alikuwa hajawahi kumjibu mama yake hivyo. Mama hakukasirika. Alimshika mkono.

"Kofi sijalisema," alisema. "Kofi ni la kazi, mtu hupigwa akapona. Baba yako alipigwa na manamba wenzake akiwa kijana, nikamkanda, yakaisha. Mimi nasema kule kugeuka. Wale watu hawacheki kofi, Anastazia. Niliwatazama vizuri. Wanacheka anapogeuka. Pale wananicheka mimi."

Anastazia aliutazama mkono wake ulioshikwa.

"Ile heshima ni yangu. Nilipewa siku alipokuja na wazee wake kwa Kasmir. Mimi sina gari, sina cheo, nina hiyo. Nikipita Kamachumu wakwe zangu wakanipisha, najua nimezaa. Sasa yeye kaichukua kaja nayo huku, kaitandaza barabarani. Mtoto wenu akizaliwa, mtamfundisha ageuke, au mtamfundisha achekeshe?"

Pazia likatikisika. Medard alikuwa amesimama nyuma yake.

"Mwambie mama," alisema kwa sauti ndogo, "siku ya kwanza sikuigiza. Waliniambia huyu ni mama mkwe wako, mwili ukageuka wenyewe. Wao ndio waliocheka."

Anastazia hakuwa na haja ya kurudia, lakini alirudia, neno kwa neno.

Ma Felisia akafikiri. "Muulize, na siku ya pili?"

Anastazia akauliza. Chini barabarani pikipiki za umeme zilipita, na jirani akafungua bomba.

"Siku ya pili," Medard alisema, "mwambie niliigiza."

Jibu hilo Ma Felisia alilala nalo. Lilimuuma, na wakati huo huo lilimpa kitu cha kushika, maana angeweza kudanganywa na hakudanganywa. Asubuhi Medard alipokwisha kutoka kwenda kazini, alimwambia Anastazia avae viatu vya kutembelea.

"Kabla sijaondoka nataka nikione hicho kijiwe kwa macho yangu. Na huyo mama anayempiga. Usimpigie simu."

Studio ilikuwa ghorofa ya saba ya jengo lililowahi kuwa kiwanda, na lifti yake ilikuwa ya mizigo. Ndani walikuwa wamejenga sebule ya bandia yenye kuta tatu, kochi, dirisha la kuchora na picha ya mlima. Upande wa nne walikaa watu wa kamera. Nyuma yao ndiko kulikokuwa na mlango, mmoja tu.

Siku hiyo kipande kilikuwa cha maana. Bosi Huang alitaka kusaini na Medard mkataba mpya wa mwaka mzima, na mwaka mzima maana yake ni kodi, hospitali na nepi. Medard alikuwa amemwahidi kujibu wakimaliza. Katika kipande hicho mkwe alitakiwa amwoshe mama mkwe miguu, amwage maji, ageuke, apigwe. Mama Liang alikuwa kitini na suruali imekunjwa mpaka magotini, uso umekunjwa vilevile kwa ajili ya kamera. Medard alikuwa amepiga magoti mbele ya beseni, aproni ya maua kifuani.

Mlango ukafunguliwa taratibu. Hakuna aliyewazuia, kila mmoja akidhani ni wageni wa mwenzake. Ma Felisia akasimama kwenye kizingiti na kitenge chake begani, Anastazia ubavuni kwake.

Medard alinyanyua macho.

Taulo likamtoka mkononi. Akasimama, akageuka amkimbie Ma Felisia, akakutana na Mama Liang. Akamgeuka Mama Liang, akakutana na Ma Felisia. Akazunguka tena. Watu wa kamera walicheka mpaka wakashikana. Mwishowe Medard akaupata upande pekee usio na mkwe, nao ni ukuta wa nyuma, wenye lile dirisha la kuchora. Akasimama akiutazama, paji la uso karibu liguse rangi.

Bosi Huang alifurahi hata akapiga magoti kando ya kamera. Alimwonyesha Mama Liang kwa mkono: simama, mgeuze, mpige. Kisha akamwita Medard ageuke. Medard hakugeuka. Akamwita tena, akionyesha shavu lake. Kicheko kikaanza kupungua, mmoja mmoja. Bosi akasogea, akaiambia simu yake maneno marefu, na ile sauti ya kike ikasema kwa Kiswahili chake cha kunyooka: rafiki, geuka sasa, watu wanasubiri, kama hutaki kugeuka, kazi imekwisha.

Medard aliuambia ukuta. "Imekwisha."

Simu ikatafsiri. Bosi Huang hakuamini, akairudisha isikike tena.

Hapo sasa kila mtu alingoja jamaa aondoke. Hakuondoka. Aliendelea kusimama pale na aproni yake ya maua, na Bosi akaona huyu ananifanyia kiburi, akapaza sauti aitiwe mlinzi. Katika chumba kile chote walikuwa wanawake wawili tu waliojua kwa nini haondoki. Mlango ulikuwa mmoja, na mama mkwe wake alikuwa amesimama mlangoni. Angepitaje?

Anastazia alitaka kukimbia amfuate, akalia kabisa. Mama yake akamshika mkono akamzuia. Ma Felisia alikuwa anautazama ule mgongo. Aliutazama kama alivyotazama mishono kule Shisanhang, akitafuta mahali pa uongo. Hapakuwa na anayeulipa mgongo ule. Aliyekuwa anamlipa Medard alikuwa amekwisha kumfukuza.

Basi Ma Felisia akakitoa kitenge begani, akajifunika kichwa mpaka usoni. Akasogea kutoka kwenye kizingiti, akageukia ukuta wa pembeni, akasimama akiutazama, mgongo wake kwa watu wote.

"Mwambie mwenzio njia iko wazi," alisema ndani ya kitenge.

Kule kitini Mama Liang aliangalia mgongo wa huyu, akaangalia mgongo wa yule. Hakuna aliyemfafanulia kitu, na simu ya Bosi ilikuwa kimya. Akaiteremsha miguu ya suruali yake, akasimama, akakizungusha kiti, akakaa tena akiwa ameipa kamera kisogo.

Medard akavua aproni. Akaikunja vizuri, kwa mikono ile ya mtu wa kufunga mizigo, akaiweka juu ya kochi. Kisha akapita, macho chini, kiganja shavuni, katikati ya taa na nyaya na watu waliokuwa hawacheki tena, akatoka, akashuka ngazi.

Kamera ilikuwa inaendelea. Bosi Huang si mtu wa kutupa kitu. Siku ya pili yake kipande kilikuwa kwenye simu za watu, na kilitazamwa kuliko vyote vilivyotangulia. Wengi walicheka. Wachache waliandika kwamba wamelia na hawajui kwa nini. Bosi mwenyewe akapiga simu kumtaka Medard arudi, na aje na yule mama wa kitenge, malipo wataelewana. Medard alimjibu bu yao, sitaki, neno ambalo wauzaji wa Xiaobei wanalisikia mchana kutwa na ambalo yeye alilitamka vizuri kuliko maneno yote ya Kichina. Judica alimtafutia kazi ya kufunga mizigo ya watu wa Mwanza, mahali ambapo malipo ni madogo na mgongo huuma. Alianza Jumatatu.

Asubuhi ya safari mabegi mawili yalikuwa mlangoni. Anastazia alikuwa amefunga lake, maana mama alikuwa hajasema lolote tangu siku ile, na kumkatalia mama mara mbili lilikuwa jambo lisilomtoka. Alikuwa ameamka amevimba macho. Medard naye alikuwa roshani, hajagusa chai, anatazama majengo.

Ma Felisia alikohoa, akatoka upande wake wa pazia. Akaliinamia begi la binti yake, akalifungua. Akatoa fulana za mtoto zile za Shisanhang, moja moja, akazipanga kitandani. Akatoa magauni. Akatoa ndara. Begi likabaki tupu, akalisukuma chini ya kitanda kwa mguu.

"Mama, na tiketi?" Anastazia aliuliza.

"Ta Kasmir ataijua mwenyewe. Nitamwambia nimekuta mkwe." Akachukua kopo la senene lililobaki robo, akaliweka mezani upande wa mume. "Mtoto akitimiza siku zake nipigie, nitakuja kumwogesha. Na utafute chumba chenye ngazi fupi. Utamuua huyo mtu."

Uwanja wa ndege Medard aliijua nguzo yake. Alisukuma toroli mpaka karibu, akaliacha, akaenda kusimama mahali pake. Wanawake wakaagana. Walilia kidogo, wakacheka kidogo, mama akapapasa lile tumbo, akalikanya lisimsumbue mwanawe. Watu wa ndege ile walikuwa wanaitwa.

"Shikamoo, mama," ilisema nguzo. "Safari njema."

Anastazia akamgeukia mama yake, tayari kupokea jibu alipeleke kama siku zote. Ma Felisia alikuwa ameshika toroli kwa mikono miwili, macho yake kwenye mizigo.

"Marahaba, mwanangu," alisema mwenyewe, kwa sauti ya kufika.

Kisha akasukuma toroli akaenda zake. Nyuma ya nguzo mtu akakohoa, na Anastazia akasimama kati yao asiwe na la kufikisha.